Mbebaji Hatakiwi Sifa

Wanakemia wakitaka kuivisha dhahabu utando mwembamba wa molekuli za jamii ya mafuta, wanakutana na shida: molekuli hizo hazipatani na maji. Basi huzitafutia mbebaji. Kuna pete ndogo iitwayo saiklodekstrini, hutengenezwa kwa wanga, kama ule wa muhogo. Nje hupatana na maji, ndani hupatana na mafuta. Hubeba mzigo hadi kwenye dhahabu. Kichwa cha salfa kikishika metali, molekuli hujipanga zenyewe, bega kwa bega, unene wa nanomita 2 hivi. Pete hubaki majini, husuuzwa, humwagwa. Kwenye utando haimo.

Sasa mimi najiuliza: mbebaji anadai nini?

Wengi watasema anadai jina. Sidhani. Mama anayejitwika ndoo ya maji haandiki jina lake juu ya ugali. Tunasema asante ya punda ni mateke, lakini nani huuliza punda alibeba nini, na mgongo wake ukoje?

Hapa kwetu Kwale, tangu 2013 hadi mwisho wa 2024, mchanga ulichimbwa kutafuta rutili, ilmenaiti na zirkoni, ukapakiwa melini Likoni. Titani nyingi duniani huishia kuwa unga mweupe wa rangi. Huko mbali ukuta unang'aa, na hakuna anayetaja Maumba wala Nguluku. Si neno. Jina halijazi sufuria.

Ila pete ile ina kitu ambacho sisi hatuna: hutoka nzima. Ikishatua mzigo, yaweza kubeba mwingine. Watu wa Maumba na Nguluku walihamishwa, mashamba yakaachwa. Mnazi mrefu ukiupanda leo, utangoja miaka 6 au zaidi ndipo uangue dafu.

Atakuja mtu aseme: si mishahara ilipatikana, na kodi ikalipwa? Ndiyo, ilipatikana. Lakini hiyo ni nauli ya safari. Ukimkodi punda, ukamlipa mwenyewe, kisha ukamrudisha amevunjika mguu, utasema deni limekwisha?

Kwangu mimi, haki ya mbebaji ndiyo hiyo: arudi mzima, aweze kubeba vyake. Sifa tumwachie anayezitaka. Mgodi umefungwa, ukuta umeshapakwa rangi, na hesabu ya Kwale ianzie kwenye udongo: shamba lililochimbwa litaota nini, na nani atavuna?