Kikomo cha Dhima na Mipaka ya Ridhaa

Swali la nani abebe hasara ya biashara lilijadiliwa na wanazuoni wa dini karne nyingi kabla ya wanasheria kuitungia kampuni vifungu vyake. Katika fikihi ya Kiislamu, deni hukaa katika dhima, yaani wajibu ulioshikamana na nafsi ya mtu, ambao haumtoki kwa kuwa amefilisika na ambao hata kifo hakiufuti. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume Muhammad alipoletewa maiti wa mtu aliyekufa akidaiwa dinari tatu bila kuacha cha kuzilipia, aliwataka masahaba wamsalie wenyewe, mpaka mmoja wao, Abu Qatada, alipojitwika deni lile, ndipo naye akamsalia. Kwa mtazamo huo, kila deni lina mja wa kuulizwa.

Kampuni ya kisasa ilisimama juu ya wazo linaloonekana kwenda kinyume na hilo. Mwaka 1892, Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu vya ngozi katika mtaa wa Whitechapel, London, aliigeuza biashara yake kuwa kampuni, na kwa kuwa sheria ilidai wanachama saba, alimpa mkewe na watoto wake watano hisa mojamoja huku yeye akibaki na hisa 20,001. Kampuni ilifilisika muda mfupi baadaye na mfilisi akataka Salomon alipe madeni kutoka mfukoni mwake, lakini mnamo Novemba 1896 Baraza la Malodi liliamua kwamba kampuni ile ilikuwa mtu wa kisheria, yaani chombo chenye haki, mali na madeni yake chenyewe, mbali na aliyekianzisha. Kanuni hiyo imerithiwa na sheria za makampuni za Kenya na Tanzania, na ndiyo maana anayesajili kampuni ya dhima yenye kikomo huweza kupoteza mtaji aliouweka bila kunadiwa nyumba, isipokuwa pale benki ilipomtaka aidhamini mikopo yeye binafsi.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba sheria hiyo ni njia ya kulikimbia deni, lakini fikihi yenyewe haikatai kikomo. Katika mudharaba, ambayo ni ushirika wa mwenye mali na mwenye kufanya kazi, faida hugawanywa kwa sehemu walizokubaliana, ilhali biashara ikiharibika pasipo uzembe, mfanyaji kazi hupoteza jasho lake na mwenye mali hupoteza mtaji aliotoa, wala hadaiwi zaidi ya hapo kwa madeni ambayo hakuyaidhinisha. Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1992, liliihalalisha kampuni ya hisa ambayo dhima yake inakomea kwenye mtaji wake, kwa hoja kwamba kikomo hicho kinajulikana kwa wanaofanya muamala nayo, na panapokuwa na kujua, gharari, yaani utata unaomdanganya mmoja wa wahusika, huondoka.

Hoja hiyo ina uzito zaidi kuliko hukumu iliyozaliwa nayo, kwa sababu inaonyesha kwamba uhalali wa kikomo unatoka kwenye ridhaa. Muuzaji wa ngozi anayeikopesha kampuni anajua anashughulika na nani, anaweza kudai rehani au kupandisha bei, na akikosa kulipwa hawezi kusema hakuonywa. Lakini mtu anayechota maji mtoni chini ya mgodi wa kampuni hakukopesha chochote, hakuulizwa wala hakuridhia. Kikomo alichokubali mwingine hakiwezi kumfunga yeye.

Watu wa namna hiyo huongezeka kampuni inapopanuka kwenda ng'ambo, kwa kuwa kwa kawaida hujipanua kwa kuunda kampuni tanzu, yaani kampuni inayomilikiwa na nyingine, hivyo ukuta wa kwanza kati ya mwenye mali na deni huongezewa wa pili. Wanavijiji wa Chingola, Zambia, waliodai kwamba mgodi wa shaba wa Nchanga umechafua maji yao, walikabiliwa na ukuta huo walipoishtaki mjini London kampuni mama, Vedanta, pamoja na kampuni tanzu yake, Konkola Copper Mines. Mwaka 2019, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliruhusu kesi iendelee huko, ikieleza kwamba wajibu wa kampuni mama hutegemea kiasi ilichojiingiza katika kuusimamia mgodi, na mwaka 2021 pande hizo zilimaliza shauri kwa maridhiano bila kampuni kukiri kosa.

Wapo watakaosema kwamba kuulegeza ukuta huo kutawatisha waanzilishi, na hofu yao si ya bure, kwani wengi wasingethubutu kuanzisha lolote kama kila hasara ingewafuata hadi vitandani. Hata hivyo, kinachohitaji kulindwa ni ujasiri wa kuhatarisha mali yako na ya waliokubali kushirikiana nawe. Afya na maji ya watu wengine havijawahi kuwa sehemu ya mtaji huo, na mwenye kuvihatarisha, awe mja au mtu wa kisheria, anabaki na deni lisilo na kikomo cha hisa.