Kumi na Moja wa Enzi Zote

Swali lenyewe linaonekana la mchezo tu. Chukua wachezaji kumi na mmoja bora waliowahi kuvaa jezi ya shule yako, mwenzako achukue wa kwake, kisha muwapambanishe kichwani. Nani anashinda? Wasee wa soka hufanya hivyo kila wiki. Sisi tuliufanya kwa mpira wa magongo, mchezo ambao ukiutaja Nairobi mtu anakuuliza kama bado unachezwa. Mimi nilisoma Meru, rafiki yangu alisoma Embu, na shule zetu zilikuwa zikutane kwenye mchujo wa kanda ya mashariki, ile michezo ya kutafuta nani ataenda kitaifa. Wiki nzima kabla ya mechi tukawa tunatumiana majina usiku, kila mmoja akilinda ya kwake kama mahari.

Nauchukulia mchezo huu kwa uzito. Kuchagua kikosi cha enzi zote ni kuhukumu watu ambao wengi hawapo kujitetea. Na kigezo unachotumia kinakuanika wewe zaidi ya wanavyoanikwa wao.

Tulikwama mapema, kwenye uwanja. Kikosi changu kilikuwa na beki wa miaka ya themanini ambaye walimu wa zamani bado wanamtaja. Alicheza kwenye murram, mpira ukigonga kokoto unaruka hadi kwenye meno, na gongo lake lilikuwa la mbao tupu lililofungwa kitambaa mkononi. Rafiki yangu alikuwa na fowadi wa juzi tu, kijana mwenye kasi ya kutisha, aliyezoea mchezo usio na sheria ya kuotea. Sheria hiyo iliondolewa kwenye magongo miaka ya tisini. Sasa niambie: nikimweka yule beki wangu mbele ya huyu kijana, wanacheza kwa sheria za nani? Nikichagua murram na kuotea, nimeshinda kabla ya filimbi. Akichagua nyasi bandia na wachezaji wa akiba wanaoingia na kutoka watakavyo, ameshinda yeye.

"Chagua uwanja, umechagua mshindi," akaniandikia. Nilikubali, lakini jibu hilo halikunitosha, kwa sababu najua nchi nzima imewahi kufanyiwa hivyo.

Mwaka 1964, Kenya ikiwa haijamaliza hata mwaka mmoja wa uhuru, timu yake ya magongo ilimaliza ya 6 kwenye Olimpiki ya Tokyo. Mwaka 1971 ilikwenda Barcelona kwenye Kombe la Dunia la kwanza kabisa la mchezo huo na ikamaliza ya 4. Ilitolewa nusu fainali na Hispania waliokuwa kwao, na shaba ikaenda India. Ya 4 duniani! Timu yetu ya soka haijawahi hata kufika Kombe la Dunia. Halafu Olimpiki ya Montreal ya 1976 ikachezwa kwenye nyasi bandia, na michezo hiyo haikurudi tena kwenye udongo. Kenya haikuwepo Montreal kwa sababu ya mgomo wa nchi za Afrika, na mwaka 1980 haikwenda Moscow pia. Iliporudi, mchezo ulikuwa umehamia kwenye zulia linalogharimu mamilioni. Seoul, 1988, timu 12, Kenya ikawa ya 12.

Je, wale wa 1988 walikuwa wachezaji duni kuliko wale wa 1971? Sidhani kama swali hilo lina jibu, na nadhani kulilazimishia jibu ni aina ya uonevu. Hata India, waliokuwa wafalme wa mchezo huu, walimaliza ya 7 Montreal. Mikono ilikuwa bado ni mikono. Ni ardhi iliyobadilishwa chini ya miguu yao, na waliobadilisha ndio waliokuwa na pesa za kuinunua. Mtu akisoma matokeo tu ataona vipaji vimekauka. Kilichotokea ni kwamba mtihani ulibadilishwa na vitabu vikauzwa kwenye duka ambalo wengine hawakuweza kuingia.

Babu yangu wa Meru asingeuelewa mchezo wetu. Huku kwetu rika lina jina lake, Miriti, Lubetaa, Gichunge, na majina hurudi baada ya miaka mingi. Sikuwahi kumsikia akisema rika lake lingelishinda lingine. Aliuliza tu rika fulani lilifanya nini wakati wa zamu yake. Nikimfuata babu, mechi yetu haiwezi kuchezwa kabisa, na pengine ana haki. Lakini sisi ni watoto wa leo, tunataka matokeo.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi: nani ni wetu?

Nilipotaja timu ya 1964, rafiki yangu alisema kitu ambacho nimekisikia mara nyingi, tena kwa watu wenye akili timamu. "Lakini bro, hiyo ilikuwa timu ya Wahindi." Nahodha wao Tokyo alikuwa Avtar Singh Sohal, beki, aliyechezea Kenya Olimpiki nne mfululizo, kuanzia 1960 hadi 1972. Karibu naye walikuwa Masingasinga wengine na Wagoa, majina ya Panesar, Mendonca na akina Fernandes, ambao walikuwa wengi hadi unahitaji daftari kuwatofautisha. Waliinua bendera iliyokuwa mpya kabisa. Miaka michache baadaye, sheria za uhamiaji na leseni za biashara za 1967 zikawafanya watu wengi wa jamii zao wafungashe. Wakaenda Uingereza, na baadaye Kanada, na Uingereza nayo mwaka 1968 ikabana mlango.

Sasa, ukisema timu ile haikuwa yetu, huwezi tena kujivunia nafasi ya 4 duniani. Chagua. Sisi Wakenya tunapenda kuila keki na kumfukuza mwokaji. Tunataka rekodi ziwe za Kenya na watu wawe wa kwingine.

Rafiki yangu alinigeuzia hoja hiyo haraka, na alinipata vizuri. Kwenye orodha yangu kulikuwa na kiungo aliyetoka magharibi, akaletwa Meru kidato cha tatu kwa sababu ya gongo lake, akalipiwa kila kitu, akacheza miaka miwili akaondoka. "Huyo naye ni wa Meru?" Nikasema ndiyo. Alikula githeri ile ile yenye wadudu, aliamka saa kumi na moja kwenye baridi ile ile ya Mlima Kenya, alivunjwa kidole akiwa na jezi yetu. Kuwa wa mahali ni kutumika hapo. Sioni kigezo kingine kisichoishia kwenye damu, na nchi hii imeshaona damu inakotupeleka.

(Kwa njia, ukitaka timu ya Kenya iliyozoea kushinda, acha wanaume. Klabu ya wanawake iliyojulikana kama Telkom Orange ilibeba ubingwa wa klabu za Afrika mara nyingi hadi ikawa si habari tena. Orodha zetu mbili za shule za wavulana hazikuwa na nafasi ya kusema hilo, kwa hiyo nalisema hapa.)

Basi tukafika kwenye jina la kumi na moja la Embu.

Aliweka kijana aliyecheza mechi nne tu. Nne. Kidato cha pili, muhula mmoja, halafu akarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo na hakurudi tena. Leo ni fundi wa pikipiki karibu na Runyenjes. Hana kombe, hana picha ukutani, jina lake halipo popote. Rafiki yangu alimweka kiungo wa kati, juu ya watu waliofika kitaifa.

Pingamizi la kwanza unalijua. Ukifungulia mlango wale ambao "wangekuwa", utaingiza nchi nzima. Kila kijiji kati ya Nkubu na Siakago kina kijana ambaye angekuwa bingwa kama si goti, kama si mimba ya dada yake, kama si baba kuuza shamba. Orodha ya enzi zote lazima isimame kwenye kilichofanyika, la sivyo ni orodha ya huruma.

Jibu lake lilikuwa fupi: "Hiyo orodha yako si ya wachezaji bora. Ni ya waliolipiwa karo."

Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu, na naona ina ukweli ambao pingamizi haligusi. Tunapouliza nani alikuwa bora, tunauliza kuhusu mtu: macho yake, kifundo cha mkono, namna alivyouona uwanja. Lakini ushahidi tulio nao ni wa kitu kingine, yaani nani alibaki shuleni muda wa kutosha aonekane. Haya ni mambo mawili, na sisi huyachanganya kila siku, si kwenye michezo tu. Angalia orodha yoyote ya vijana waliofaulu nchini, halafu uliza ni wangapi walirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo zaidi ya wiki mbili. Tunaita kipaji kile ambacho mara nyingi ni mahudhurio.

Hata hivyo sikubali kwamba "angekuwa" inatosha. Mustakabali ambao haukutokea hauna kipimo. Kila mtu anaweza kuujaza anavyotaka. Kinachohesabika ni zile mechi nne. Zilitokea. Swali ni nani aliziona, na je, shahidi huyo anapata faida gani akisema?

Hapo ndipo mambo yalinihusu mimi, kwa sababu mechi moja kati ya zile nne ilikuwa dhidi yetu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumkaba. Ushahidi wa rafiki yake ni upendo. Wangu ni wa adui, tena wa adui ambaye orodha yake ingeshinda akinyamaza. Nadhani kuna mambo kuhusu mtu ambayo ni mpinzani peke yake anayeyajua, na akiyaficha yanapotea kabisa. Kwa hiyo nilimwandikia rafiki yangu usiku ule: alinipita mara sita, mara mbili bila hata kugusa mpira, kwa kuinamisha bega tu. Sijawahi kukutana na mwingine kama yule, na nilicheza miaka minne, nikakutana na watu waliokwenda mbali. Mweke. Ananiharibia kikosi, lakini mweke.

Mambo yangeishia hapo. Lakini rafiki yangu alipita Runyenjes siku mbili kabla ya mechi, akasimama kwa fundi, akamwambia habari njema.

Jamaa aliendelea kufungua boliti. Akauliza wengine kumi ni akina nani, akasikiliza majina yote, akacheka kwa wawili. Kisha akasema, "Mimi msiniweke, buda. Mkiniweka huko mnasema mimi niliisha nikiwa na miaka kumi na sita."

Rafiki yangu aliniambia hivyo kwenye simu na sote tukanyamaza. Tulikuwa tumepigana juu ya haki yake ya kukumbukwa, na hakuna aliyefikiria haki yake ya kutokumbukwa hivyo. Kwetu, zile mechi nne ni kilele kilichokatwa. Kwake ni muhula mmoja wa zamani, kabla ya gereji, kabla ya mke na watoto wawili na deni la plotu analolimaliza mwaka huu. Tukimweka kwenye kikosi cha ndoto, maisha yake yote yanayofuata yanageuka kuwa hadithi ya kilichokosekana. Yeye anayaishi kama maisha.

Naamini ushahidi wangu bado ni deni, na ndiyo maana nimeuandika hapa bila jina. Lakini kikosi ni chetu, na mtu si wetu. Rafiki yangu alitaka kumweka kwa siri, kwamba fundi hasomi mambo haya. Nilikataa. Tulibishana hilo kuliko tulivyobishana kuhusu uwanja.

Mwishowe aliacha nafasi ya kiungo wa kati wazi. Akaniambia Embu itacheza na watu kumi, kwa makusudi, kwenye murram, na sheria ya kuotea iwepo ili nisilalamike. Nimeipiga mechi hiyo kichwani mara kadhaa. Beki wangu wa miaka ya themanini anamzuia yule fowadi kwa dakika hamsini hivi, kisha miguu inamchoka. Mimi naona mbili kwa mbili. Rafiki yangu anasema tatu kwa mbili, Embu, kona fupi ya dakika ya mwisho, na hajaniambia ni nani anaipiga.