Jina Ambalo Lilias Hakulitaja



Leo nina swali moja: ukibanwa umtaje mtu, utamtaja?

Mwaka 1704, katika kijiji cha Torryburn, Uskoti, mama mmoja aitwaye Lilias Adie alikamatwa. Jirani alimtuhumu uchawi. Mchungaji na wazee wa kanisa wakamhoji, mpaka akakiri kwamba amefanya agano na shetani. Kisha likaja swali ambalo watuhumiwa wa uchawi waliulizwa siku zote: wenzako ni akina nani?

Lilias akataja majina yaliyokwisha kujulikana tu. Wengine, alisema, walifunika nyuso, hakuwatambua. Akafia gerezani kabla ya kuhukumiwa. Wakamzika ufukweni, kwenye tope ambalo bahari ikijaa hufunikwa na maji, na juu yake wakaweka jiwe zito ili asirudi.

Sasa kuna atakayeuliza: si alidanganya? Mimi naona swali hilo waulizwe kwanza waliomhoji. Walijua vizuri amri inayokataza kushuhudia uongo, tena waliamini kabisa kwamba wanamtetea Mungu. Hilo ndilo linalonitisha.

Na sisi Wakatoliki tusijione wasafi. Ujerumani, hata maeneo ya Kikatoliki yalichoma watu wengi. Padre Friedrich Spee, Mjesuiti, alitoa kitabu mwaka 1631 akionya kwamba mateso humfanya hata asiye na hatia akiri na kutaja wengine. Jina linazaa jina, na ushahidi hakuna.

Jamani, mnyororo huo bado upo. Kwenye grupu la kwaya mtu anaandika, "Kuna mtu hapa siyo mwema." Dakika mbili tu, wote wanadai: "Mtaje basi!" Katekisimu, namba 2477, inatufundisha kwamba kuukubali ubaya wa mwenzako bila msingi wa kutosha ni kosa, hata ukiukubali kimoyomoyo. Kumbe dhambi haimsubiri anayesambaza. Inaanza kwa anayeamini haraka.

Lilias hakuweza kujiokoa. Hakuwa na wakili wala mtetezi. Alichobaki nacho ni majina ya wanawake wengine, naye hakuyatoa.

Wiki hii, ukiletewa jina la mtu, lisivuke kwako. Kama kuna hatari ya kweli, mwambie anayehusika, na useme unachokijua tu. Kama ni maneno ya watu, yaishie hapo, na huyo mwenye jina umwombee.

Mbarikiwe.