Twasoma Mbingu, Hatusomi Nyakati

Wazee wetu hawakuwa na vipimo vya mvua, walakini hawakulima kwa kubahatisha. Waliwatazama sisimizi wakihamisha mayai, upepo ukigeuka, miti ikichipua kabla ya tone la kwanza. Usiku walikitafuta Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo jina lake latokana na kulima. Mwezi wa Mei hutoweka jioni upande wa magharibi. Mwezi wa Juni huonekana tena mashariki alfajiri. Ndipo wahenga wakanena: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Je, huo ni ushirikina? La, hasha. Mpiga ramli hudai kuyajua yaliyofichwa. Mkulima huyatazama yaliyo wazi, ambayo Muumba ameyaweka mbele ya macho ya watu wote. Kitabu cha Ayubu chakitaja Kilimia miongoni mwa kazi za Mungu. Kweli, dalili hizo zaweza kukosea, hasa siku hizi majira yanapobadilika. Kwa hiyo ni busara kusikiliza pia utabiri wa redioni.

Yezu Kristu naye aliyajua mambo hayo. Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 12, awakumbusha watu ya kuwa wakiona wingu likitokea magharibi, yaani upande wa bahari, husema mvua yaja. Upepo wa kusini ukivuma, husema litakuwako joto. Nao husema kweli. Kisha awauliza mbona hawautambui wakati huu wa sasa. Na papo hapo awaonya wapatane na washitaki wao wangali njiani, kabla ya kufika kwa hakimu.

Neno hilo latuhusu. Yuko baba aliyekwisha safisha shamba na kuchagua mbegu, kwa maana ameziona dalili za mvua. Lakini ng'ambo ya mpaka yuko ndugu yake wa tumbo moja, na huu ni mwaka wa tatu hawasalimiani, kwa sababu ya hatua chache za ardhi. Mvi zimemwota kichwani, wa rika lake wamezikwa. Je, hizo nazo si dalili?

Ndugu msomaji, mvua ikikukuta hujawa tayari, wapoteza mavuno ya msimu mmoja. Mauti yakikukuta hivyo, hakuna msimu mwingine. Basi, kabla hujapiga jembe la kwanza, vuka mpaka ukabishe hodi.