Chupa Moja, Nyuso Mbili

Mawifi wawili waliishi ua mmoja Atlabara, Juba. Nimewatunga kwa ajili ya funzo hili, lakini yaliyowapata huwapata watu wa kweli, na ndiyo maana nayaeleza hatua kwa hatua.

Mkubwa alikuwa na ngozi kavu, yenye kupauka kila kiangazi kinapoingia. Alikulia kambi ya Kakuma, Kenya, akarudi Juba na Kiswahili chake na mazoea ya kujitengenezea vitu vyake. Sokoni Konyokonyo alinunua mafuta ya lulu, yaani ya shea, ambayo Waacholi huyaita moo yaa, akayachanganya na mafuta ya simsim na ya nyonyo. Alipima vizuri: vijiko tisa vya lulu na simsim kwa kimoja cha nyonyo, maana nyonyo ni mazito na wengi wenye ngozi kavu huona yakizidi yanawakausha. Lulu ya Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Kwa joto la Juba huyeyuka yenyewe, haina haja ya kuwekwa motoni. Jioni alijipaka uso ukiwa mkavu, akausugua polepole mpaka vumbi na jasho viachie, kisha akapangusa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Baada ya wiki chache ngozi ikatulia.

“Wifi, nigawie na mimi,” mdogo akamwomba.

“Chukua, wifi. Ila ngozi yako na yangu si moja.”

Hakusikiliza. Yeye uso wake ulimeremeta mafuta kabla ya saa sita mchana, na chunusi hazikumwisha kidevuni. Alipoona mafuta ya wifi yake ni mazito, akakamulia ndimu ndani ya chupa ili, kwa maneno yake, ikate mafuta. Maji ya ndimu hayachanganyiki na mafuta, hutuama chini. Siku za mwanzo alijipaka mafuta karibu matupu. Chupa ilipokaribia kwisha, kilichomiminika kiganjani kilikuwa ndimu. Tena alijipaka asubuhi, hakupangusa, akaenda kukaa mezani kwake sokoni.

Ilikuwa Machi. Wakazi wa Juba wanaijua Machi: mwaka 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa kuhofia joto la nyuzi 45. Hata hivyo si joto lililomuunguza. Ndimu ina kemikali, nyingi zaidi ganda lake, ambazo zikipigwa na mwanga wa jua juu ya ngozi huiunguza. Na moto wake hauonekani siku hiyohiyo. Hujitokeza kesho yake au keshokutwa, ndiyo maana dada yetu hakuishuku ndimu, akajipaka tena. Malengelenge yalipokauka, yaliacha michirizi myeusi palepale yalipochuruzikia maji ya ndimu, shavuni hadi shingoni.

Madoa ya namna hiyo hufifia yenyewe kwa wiki au miezi kadhaa. Kama angeambiwa hivyo mapema, hasara ingeishia hapo. Badala yake jirani alimletea krimu ya kung’arisha, kopo lisilo na maandishi ya viungo, na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wangu wasimame. Krimu nyingi za aina hii zinazozunguka masoko ya Afrika Mashariki zina haidrokwinoni, steroidi kali au zebaki. Zebaki hudhuru figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuigeuza ngozi iwe ya rangi ya samawati na nyeusi, jambo ambalo madaktari wa Afrika Kusini walilieleza mwaka 1975. Nchi hiyo ikaipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990.

Ya kwake bila shaka ilikuwa na steroidi, kwa jinsi mambo yalivyokwenda. Mwanzoni uso ulilainika, akasifiwa. Kisha ngozi ikawa nyembamba, ikawasha kila alipokaa juani, chunusi zikarudi kwa wingi. Kila alipoacha krimu uso uliwaka zaidi, akairudia. Wifi yake ndiye aliyemshika mkono wakaenda zahanati. Huko walimwelekeza namna ya kuiacha, wakamwambia aoshe uso kwa maji na sabuni isiyo kali, akae kivulini, ajitande shela. Miezi ilipita kabla ya kioo kumpa nafuu.

Alipotaka mafuta tena, walianza upya kwa ajili ya uso wake: vijiko viwili vya mafuta mepesi ya alizeti kwa kimoja cha nyonyo, bila lulu, bila tone la maji wala tunda, katika chupa ndogo kavu ya rangi nzito iliyokaa mbali na jua, kwa sababu mafuta ya alizeti huchacha upesi kwenye joto. Alijipaka kwanza ndani ya kiwiko kwa wiki nzima. Baada ya hapo ndipo yalipogusa uso, usiku tu, yakapanguswa yote na kufuatwa na sabuni. Na wifi yake alimwambia waziwazi kwamba chunusi zikizidi ayaache kabisa, kwani zipo ngozi zisizotaka mafuta ya aina yoyote.