Mwenye Ukungu ni Nani?

Kamera yangu ina lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ni ya kutazamia, ya chini ndiyo hupiga picha. Ni muundo uliopata umaarufu baada ya Rolleiflex ya kwanza kutoka Ujerumani mwaka wa 1929. Unaishika kifuani, unainamisha kichwa, unatazama kioo kidogo ambamo kushoto ni kulia na kulia ni kushoto. Kisha unazungusha gurudumu la ubavuni, mbele kidogo, nyuma kidogo, hadi jicho la mtu litoke kwenye ukungu. Mkanda mmoja una picha 12 pekee. Ukikosea, utajua siku ile mkanda utakaposafishwa.

Wasee huniuliza kwa nini najitesa hivyo na nina simu mfukoni. Jibu langu lilikuwa la kujigamba: ati kamera hii hunifunza kuwatazama watu kwa makini. Niliamini hivyo mpaka Shangazi alipoona picha moja.

Ilikuwa Desemba, ushago. Nyanya alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Baba, ambaye huja kutoka Nairobi mara moja kwa mwaka, akavuta kiti akakaa kando yake. Shangazi ndiye anayeishi na Nyanya, anampikia, anamwosha, anampeleka kliniki. Yeye alisimama nyuma yao, mkono juu ya kiti.

Nilikuwa umbali wa kama mita 2. Chumba kilikuwa na giza kiasi, kwa hivyo nikafungua tundu la lenzi lote, f/3.5. Kwa lenzi ya milimita 80, hapo sehemu inayotoka kali ni kama sentimita 20 tu, mbele hadi nyuma. Nikatafuta jicho la Nyanya. Alikuwa akitikisika kidogo, nikimpata, ananiponyoka. Nilipompata tena, nikabonyeza.

Picha ilitoka fiti. Mikunjo ya uso wa Nyanya ungeweza kuihesabu. Shangazi akaipeleka mlangoni, penye mwanga, akaitazama kwa muda.

"Kwani huyu mwenye ukungu ni mimi?"

Nikaanza kumweleza. Kwamba simu ina lenzi fupi sana, ndiyo maana kila mtu hutoka wazi. Kwamba picha ya mkanda huu ina upana wa karibu sentimita 6, inataka lenzi ndefu zaidi, na lenzi ndefu huchagua. Yote ni kweli. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Si ungeniambia tu nisogee?"

Sikuwa na jibu, na bado natafuta.

Tunaongea juu ya umakini kana kwamba ni wema mtupu: ukimtazama mtu vizuri, umemtendea haki. Lakini kumwona mmoja vizuri kuna gharama, na mara nyingi anayelipa ni mwingine. Shangazi alikuwa mahali anapokuwa siku zote, nyuma, akishikilia kiti. Baba naye hakufanya lolote kupata ukali ule. Alikaa tu kwenye mstari mmoja na jicho la Nyanya. Hata nje ya picha ni hivyo. Anayefika na sukari na unga huombewa baraka mbele ya watu. Anayeamka saa nane za usiku kumgeuza mgonjwa, tunasema "yuko tu nyumbani."

Je, ningeweza kuwaonyesha wote? Labda, kwa kufunga tundu hadi f/11. Lakini mwanga ungepungua karibu mara kumi, na Nyanya angelazimika kutulia kuliko mwili wake unavyoweza. Kwa hivyo sidai kwamba tunaweza kumtazama kila mtu sawasawa. Mwanga hautoshi, na muda pia hautoshi. Ukungu wenyewe haukuwa kosa. Kosa ni kwamba nilichagua bila kujua nimechagua. Nilikodolea macho kioo kile dakika nzima nikitafuta jicho moja, na sikujiuliza hata mara moja ni nani anabaki nyuma. Halafu nikataka lenzi ibebe lawama.

Aprili nilirudi na mkanda mpya. Kabla ya kufungua kamera nilimletea Shangazi stuli, nikaiweka sambamba na kiti cha Nyanya. Alikataa kwanza, ati chai itafurika. Tukangoja chai. Stuli ikachukua nafasi ya Baba, na chumba ni kidogo.

"Baba," nikamwambia, "leo wewe ndiye utakuwa na ukungu."

Alinitazama kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza sababu. Kisha akaenda kusimama nyuma, akaweka mkono juu ya kiti.