Kusikia, Kusikiliza, Kusikilizana

Kiswahili hakitenganishi sana kuyaelewa maneno ya mtu na kupatana naye. Wafanyakazi wasio na ugomvi husemwa kuwa wanaelewana, au wanasikilizana. Na waliokosana husemwa hawasikilizani, hata kama masikio ya kila mmoja ni mazima. Mzizi ni kusikia, kitenzi ambacho chenyewe kina maana mbili: sauti kufika sikioni, na kutii. Mtoto asiyesikia si kiziwi. Katikati kuna kusikiliza, yaani kutega sikio kwa makusudi. Kazini kila hatua hudai kitu ambacho ile ya kabla yake haikukidai, na ya tatu, kwa sababu ya -ana iliyo mwishoni, haifanywi na mtu mmoja. Mkubwa aweza kuamuru asikiwe. Kusikilizana hakuamriki.

Kwa nini kuhitajike? Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya karne ya 14, alieleza kwamba chakula cha siku moja kinampita nguvu mtu mmoja: ngano lazima isagwe, ikandwe, iokwe, na kila kazi katika hizo ina vyombo vyake vinavyomtaka mhunzi, seremala na mfinyanzi. Hoja yake ilihusu mikono, lakini inafaa kupelekwa kwenye habari vilevile. Mlinzi wa usiku ndiye anayejua mlango upi haufungi vizuri. Mpishi ndiye anayejua gesi inavuja wapi. Mhasibu anajua fedha za kurekebisha vyote viwili zimebaki ngapi. Ujuzi wa kazi umegawanyika kama kazi yenyewe ilivyogawanyika, na haukusanyiki mpaka watu waseme.

Doha huupima ukweli huu kwa ukali kuliko miji mingi. Zaidi ya asilimia 85 ya wakazi wa Qatar ni wageni, na wengi wao waliletwa na kazi. Lindo moja mbele ya jengo refu la West Bay laweza kuwa na Mkenya, Mganda na Mnepali, msimamizi wao akiwa Mhindi au Mmisri. Sheria inasema Kiarabu: Kifungu cha 9 cha Sheria ya Kazi Na. 14 ya 2004 kinataka mikataba na nyaraka za kazi ziwe katika lugha hiyo. Tafsiri zinaruhusiwa, ila zikitofautiana na Kiarabu, Kiarabu ndicho kinachoshika. Ofisi na hoteli hutumia Kiingereza. Chini ya zote hizo kuna Kiarabu cha mkato ambacho vibarua wa Ghuba wamekijenga wenyewe kwa miongo mingi, ambamo fi huthibitisha kila kitu na mafi hukanusha kila kitu: fi shughul, kazi ipo, mafi mushkila, hakuna tatizo, khalas, imekwisha.

Mswahili huingia katika lugha hiyo akiwa na akiba. Shughuli, mushkeli, hesabu, wakati, mshahara: yote amekuja nayo kutoka kwao. Lakini akiba hiyo ina mtego. Saa sita ya Mombasa ni adhuhuri au usiku wa manane, kwa kuwa Mswahili huanza kuhesabu saa kunapokucha na kunapokuchwa. As-saa sitta ya Mwarabu wa leo ni saa kumi na mbili ya Mswahili. Maneno ni yaleyale, hata sauti ni zilezile, na kati yake zimo saa sita nzima. Saba na tisa zina hatari hiyohiyo. Ndiyo maana madaftari ya malindo huandikwa kwa tarakimu za saa 24, na 1800 haina mjadala.

Kosa la saa hurekebishika siku ya kwanza. Neno sawa ni gumu zaidi. Mtu wa Afrika Mashariki akipewa agizo hujibu sawa, akimaanisha nimesikia, au nimekubali, au nitafanya, au, mara nyingi kuliko inavyokiriwa, yaishe niende zangu. Mwanafalsafa J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa kitabu mwaka 1962, alifundisha kwamba kusema ni kutenda: anayeahidi haelezi ahadi, anaifunga. Kwa kipimo hicho, sawa moja ni matendo manne, na anayeisikia hana njia ya kujua ni lipi limetendwa. Katika Kiarabu cha Ghuba sawa huwa na maana ya pamoja. Laiti ingekuwa hivyo kila inapotamkwa.

Hapa wengi huishia kulaumu adabu. Husemwa kwamba watu wa pwani na bara yake wamelelewa wasimpinge mkubwa mbele ya watu, kwa hiyo hunyamaza. Kuna ukweli, ila ni nusu. Adabu hiyohiyo ina njia zake za kupinga: kumvuta mtu pembeni, kungoja hasira ipoe, kumtuma mtu wa kati, kama posa inavyopelekwa na mshenga. Katika makambi ya wafanyakazi ya Doha kazi ya ushenga humwangukia yule mwenye Kiingereza kizuri au miaka mingi mjini, na si ajabu akawa hana cheo chochote. Watu wenye njia nyingi hivyo za kusema hapana hawawezi kusemwa hawajui kuisema. La kuuliza ni itawagharimu nini wakiisema.

Kwa muda mrefu gharama ilikuwa kubwa. Chini ya kafala, yaani mfumo wa udhamini, mfanyakazi aliingia nchini kwa dhamana ya mwajiri wake, kafili, na hakuweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila karatasi ya kutopinga, ile ambayo kila mtu aliiita NOC. Hegel, katika kitabu chake cha 1807 kuhusu fenomenolojia ya roho, alionyesha kwamba bwana anayetaka kutambuliwa na mtumwa wake hakipati anachokitaka, kwa kuwa utambuzi wa mtu ambaye yeye mwenyewe hamtambui haumtoshelezi. Yafaa hoja hiyo iteremshwe kutoka kwenye heshima hadi kwenye mambo madogo ya kazi. Msimamizi akiuliza kama jukwaa la kupandia liko imara, jibu la ndiyo lina maana iwapo tu hapana ingewezekana. Kwa mtu anayehofia kurudishwa kwao na deni la wakala mgongoni, ndiyo na hapana zimekuwa neno moja, na msimamizi aliyejibiwa hajui zaidi ya alivyojua kabla ya kuuliza. Woga anaoupanda humnyima yeye habari kabla ya kumnyima mtu mwingine yeyote. Kampuni inaweza kuleta wakufunzi wa mawasiliano kila mwezi na hali hiyo isibadilike hata kidogo.

Mwaka 2020 Qatar iliiondoa NOC kisheria. Mfanyakazi aweza kuhama kwa kutoa notisi, ya mwezi mmoja akiwa hajazidi miaka miwili kazini, ya miezi miwili akiwa ameizidi. Uamuzi wa waziri Na. 17 wa 2021 ulikwenda mbali zaidi kwa jambo moja mahsusi, joto. Kazi za nje zimekatazwa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Kipimo cha joto kinachojumlisha unyevu na jua kikipita nyuzi 32.1, kazi husimama wakati wowote. Na mfanyakazi mwenye sababu ya kuamini kwamba joto linahatarisha afya yake ana haki ya kuacha kazi na kushtaki. Kifungu hiki cha mwisho kina uzito wa kifalsafa kuliko kinavyoonekana, kwa kuwa kinaipa hapana mahali pa kusimama. Kuandikwa ni jambo moja na kutekelezwa ni jingine, na mashirika ya haki za binadamu yameendelea kueleza visa vya wafanyakazi waliotishwa walipotaka kuhama. Hata hivyo neno lenye sheria nyuma yake halisemwi kwa sauti ileile.

Sheria ya 2004 pia inaruhusu kamati ya pamoja mahali penye wafanyakazi 30 au zaidi, nusu wajumbe wa mwajiri, nusu wa wafanyakazi, na tangu 2019 kuna utaratibu wa kuwachagua hao wa pili. Kamati si chama cha wafanyakazi, ambacho sheria imewawekea raia peke yao. Humo hujadiliwa usalama, mafunzo, chakula, malalamiko. Kiti cha mwakilishi ni ushenga uliopewa karatasi.

Itakuwa kosa kudhani kwamba kikwazo hutoka juu tu. Rafiki, neno ambalo Mswahili humwita nalo amtakaye, ni rafiq, mwenzi wa safari. Ghuba imelichakaza mpaka huitwa kwalo kibarua wa Asia ambaye hakuna aliyejisumbua kuuliza jina lake. Waafrika Mashariki nao wana kiburi chao. Watatu wanaosema Kiswahili wakiwa zamu moja na Mnepali, wakacheka, hakuna anachoweza kufanya ila kudhani anatetwa, na pengine yu sahihi. Wanasikilizana kabisa, na kusikilizana kwao ndiko kunakomfungia mlango. Hatari ikitokea, yeye ndiye atakayekuwa na habari ambayo hawakumzoeza kuwapa.

Hali ya mfanyakazi wa nyumbani ni ya peke yake. Sheria ya Kazi ya 2004 haimgusi. Ana sheria yake, Na. 15 ya 2017, inayomwekea saa kumi za kazi kwa siku na siku moja ya kupumzika kwa juma. Katika nyumba nyingi humwita mwajiri wake mama, au madam. Kwa Kiswahili mama ni neno lenye deni pande zote mbili: anayeitwa hivyo huwajibika kumlisha, kumuuguza na kumtetea anayemwita. Likiingizwa katika mkataba, upande mmoja wa deni hubaki njiani. Binti hutakiwa utii wa mwana, na malalamiko yake huonekana kuwa utovu wa shukrani badala ya dai la kazi. Msichana aliyetoka Tanga au Nakuru hana kamati, wala mshenga. Mwenzake wa kazi pekee aweza kuwa dereva wa nyumba, Mbangladeshi labda, ambaye huzungumza naye asubuhi kwenye dirisha la gari, kwa fi na mafi, kabla watoto wa shule hawajatoka.